Naomba ushauri: vifurushi 23 vya rekodi za nyanya, na kompyuta imekwama kwenye kimoja

Mjukuu wa Migosi (Kisumu)

Hamjambo wanajamvi. Nimekuwa nikipambana na jambo hili kwa jioni tatu mfululizo, na sasa naona ni heri niulize kabla sijaharibu kitu ambacho hakiwezi kurudi.

Kabla nyanya yetu hajafariki, binamu yangu alikaa naye kule kijijini Siaya akimrekodi kwa kamera ya kanda: hadithi za usiku, majina ya ukoo hadi vizazi ambavyo sisi hatukuwahi kuvisikia, na namna walivyokuwa wakihifadhi mtama ghalani. Studio moja ya Nakuru ilizigeuza kanda hizo kuwa faili za kompyuta, ikazifinya na kuziweka mtandaoni, naye binamu akazipakua usiku, wakati bando lilipokuwa nafuu, kisha akaniletea zote kwenye diski ya nje.

Kuna faili 14 za zip (vifurushi vilivyofinywa) zenye picha na sauti, jumla ya takriban GB 21, na nyingine 9 za rar (aina nyingine ya kifurushi) zenye video, karibu GB 17. Kompyuta yangu ni ya mezani, inatumia Windows 10, na diski yake ya ndani ina nafasi ya GB 52. Diski ya nje imebakiwa na GB 6 tu. Zip nimekuwa nikizifungua moja baada ya nyingine, kazi inayochosha, na jana niligundua kwamba picha zilizotoka kwenye ya tano zilikuwa zinataka kuchukua nafasi ya zile za kwanza. Kwa upande wa rar, nimeweka 7-Zip, programu ya kufungulia vifurushi, lakini nikifungua ya kwanza inakwenda kidogo kisha inalalamika kwamba sehemu ya 4 haipo, ilhali naiona kwa macho yangu ndani ya folda. Familia inakutana mwezi ujao kwa kumbukumbu yake, na wazee wanatarajia kumsikia. Nifanyeje?

Fundi wa Section 58 (Nakuru)

Ndugu, pole, na umefanya vyema kusimama hapo. Jambo la kwanza ni kutambua kwamba una vitu viwili tofauti mikononi. Zile zip 14, jinsi ulivyozieleza, kila moja inajitegemea: ukiipoteza moja, zilizobaki hazidhuriki. Zile rar 9 ni mzigo mmoja uliokatwa vipande tisa, na video moja inaweza kuanzia kipande cha tatu ikamalizikia cha nne. Hizo huzifungui kila moja peke yake. Unaziweka zote katika folda moja, unafungua ya kwanza tu, nayo programu inazitafuta zinazofuata kwa majina yao.

Kwa zip, ziteue zote kwa pamoja, bofya kitufe cha kulia cha kipanya, nenda kwenye menyu ya 7-Zip na uchague lile chaguo la kufungua lenye alama ya nyota na mkwaju, yaani *\. Litaunda folda kwa kila zip, lenye jina la zip hiyo. Usichague la kufungua papo hapo, kwa sababu litamwaga kila kitu mahali pamoja, na baadhi ya kamera huanza kuhesabu picha upya kadi inapofutwa. Ndiyo maana picha ya nyanya akiwa shambani inaweza kuwa na jina lile lile la picha ya harusi. Ukishakubali moja ichukue nafasi ya nyingine, ile ya awali imekwenda.

Kuhusu nafasi, usidhani kwamba vitu vitapanuka sana. Video na picha za JPEG huwa zimekwisha kufinywa tangu zilipotengenezwa, hivyo GB 38 zitatoka zikiwa GB 38 na ushei. Acha vifurushi vikae kwenye diski ya nje na uelekeze faili zinazotoka kwenye diski ya ndani, zitatosha. Ila usiziburute kwa kipanya kutoka dirisha la 7-Zip, kwa kuwa ukiburuta, programu inaweza kuzifungua kwanza katika folda ya muda ya mfumo kisha ndipo izihamishe, na nafasi inayohitajika kwa muda huo inaweza kuwa maradufu. Tumia kitufe cha kufungua na uandike mahali pa kuziweka. Chagua njia fupi, mfano C:\Nyanya, maana folda ndani ya folda zenye majina marefu zinaweza kugonga mpaka wa Windows wa herufi 260.

Mwalimu wa Kompyuta (Kakamega)

Naunga mkono, na nadhani najua sehemu ya 4 imejificha wapi. Tafadhali washa uonyeshaji wa viambishi vya majina ya faili (zile herufi za mwisho kama .rar), kisha utuandikie majina yote tisa jinsi yalivyo, herufi kwa herufi, pamoja na ukubwa wa kila moja. Mtu akipakua faili kwa mara ya pili, kivinjari huongeza (1) kwenye jina. Wewe unaona ni sehemu ya 4, lakini programu inatafuta jina kamili na hailioni.

Kijana wa Bungoma

Mimi huwa nafuta kila zip nikishaifungua ili nafasi isijae. Inaokoa muda.

Fundi wa Section 58 (Nakuru)

Kwa filamu unazoweza kupakua tena, sawa. Kwa sauti ya marehemu, hapana, ndugu yangu. Umeme ukikatika katikati ya kufungua, kile kifurushi ndicho tegemeo lake pekee. Asifute chochote mpaka kila video iwe imechezwa hadi mwisho.

Mjukuu wa Migosi (Kisumu)

Mwalimu, Mungu akubariki. Haya hapa: nyanya.part1.rar, part2, part3, kisha nyanya.part4 (1).rar, halafu part5 hadi part9. Zote zina ukubwa ule ule wa GB 2 kasoro kidogo, isipokuwa part7 yenye GB 1.3 na part9 yenye MB 870. Nimeondoa ile (1) pamoja na nafasi iliyoitangulia, na sasa inapita sehemu ya 4 bila neno. Lakini imesimama kwenye ya 7, ikisema data imeisha kabla ya wakati.

Zip zote 14 zimefunguka kwa mkupuo mmoja, kila moja katika folda lake.

Mwalimu wa Kompyuta (Kakamega)

Ukubwa wenyewe umekwambia tatizo. Mzigo ukikatwa, vipande vyote hulingana isipokuwa cha mwisho, ambacho hubeba masalio. Hivyo part9 kuwa ndogo ni sawa, lakini part7 ilikatika wakati wa kupakuliwa. 7-Zip hairekebishi rar iliyoharibika. WinRAR, programu inayotengeneza rar, inaweza, ila tu ikiwa aliyefinya aliweka rekodi ya uokozi (data ya ziada ya kurekebishia) tangu mwanzo, na hata hivyo si rahisi irudishe MB 700 ambazo hazikufika. Mwombe binamu aombe hiyo part7 peke yake. Hana haja ya kupakua zote tisa tena. Ikija, usifungue kwanza. Teua part1 na utumie chaguo la kupima kwenye menyu ile ile ya 7-Zip, ambalo husoma kila kipande na kulinganisha hesabu ya CRC (namba ya kuhakiki kwamba data haijabadilika) bila kuandika chochote kwenye diski.

Dada wa Kondele (Kisumu)

Nyongeza ndogo. Ikiwa utawagawia wazee kwa flashi, angalia kama flashi imeumbizwa (yaani format) kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi faili, kwa sababu hiyo haipokei faili moja inayofika GB 4. Video ya saa nzima inaweza kugoma hata kama flashi ni tupu. Iumbize kwa exFAT, mpangilio usio na kikomo hicho, baada ya kuhamisha vilivyomo.

Mjukuu wa Migosi (Kisumu)

Ndugu zangu, studio ilikuwa bado inayo nakala. Part7 mpya ilifika jana, ukubwa sawa na wenzake. Nilipima kwanza kama Mwalimu alivyoagiza, ikachukua dakika kumi na saba bila kosa hata moja, kisha nikafungua. Video sita zimetoka. Katika ya nne nyanya ameketi nje ya jiko, ameshika kibuyu mapajani, na kabla hajaanza hadithi anamuuliza binamu kwa Kijaluo kama amekula. Nimempigia mama simu, nikaweka kipaza sauti karibu, akasikiliza mpaka mwisho bila kusema kitu.

Bado sijafuta kifurushi hata kimoja. Video mbili zinazidi GB 4, kwa hiyo kesho naumbiza flashi kwa exFAT kama Dada alivyosema.