Sensa ya geji ya oili: kuitoa kwenye bloku na kuifunga kwenye bodi (Hilux 5L)

ChakeDizeli
Assalaam alaykum mafundi. Gari ni Hilux ya dizeli, injini aina ya 5L, ipo Chake Chake. Nataka geji ya sindano ya presha ya oili, maana ile taa nyekundu huwaka presha ikiwa imeshakwisha. Sensa niliyonayo ni ile ya kopo, bar 0 hadi 10, ina vichwa viwili, G (cha geji) na WK (cha taa ya onyo). Nimeshauriwa nisiifunge kwenye bloku ya injini, niipeleke pembeni kwa hosi. Hosi gani, uzi gani, na ile swichi ya taa niiweke wapi?

FundiWete
Wa alaykum salaam. Umeshauriwa vyema. Kopo lile ni zito na dizeli inatetemeka. Likining'inia juu ya adapta ya shaba, adapta hukatika pale uzi unapoanzia, na oili yote humwagika njiani.

Anza na uzi, hapo ndipo wengi wanapoharibu. Tundu la swichi la Toyota ni 1/8 BSPT (uzi wa kipimo cha Kiingereza), nyuzi 28 kwa inchi. Adapta nyingi za geji zinazouzwa ni 1/8 NPT (uzi wa Kimarekani), nyuzi 27. Inaingia kwa mkono mizunguko miwili mitatu kisha inagoma, mtu anadhani imekaa. Ukiilazimisha kwa spana unaumiza uzi wa bloku, au inavuja daima. Tafuta adapta yenye BSPT upande wa injini. Kaza kiasi cha Nm 15, basi. Uzi wake ni wa mshazari, yaani unanenepa kadiri unavyoingia, ukizidisha unapasua.

Hosi iwe ya teflon iliyosukwa waya wa chuma kwa nje, ncha zake zimebanwa kwa mashine. Hosi ya dizeli na klempu usithubutu. Paipu ya shaba nyekundu nayo hukakamaa kwa mtetemo mpaka ikapasuka. Urefu sentimita 50 hivi unatosha, uache mpindo wa kutosha kwa sababu injini hucheza na bodi haichezi. Iwe mbali na eksosi na feni.

Tepu nyeupe ianzie uzi wa pili. Kipande kikikatika ndani kinaziba njia.

Mkoani_Umeme
Shekhe, usisahau arthi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri. Sensa ya G na WK inapata arthi kupitia mwili wake. Kwenye bloku ilikuwa inaipata bure. Kwenye hosi na braketi iliyopakwa rangi haipati ya kuaminika. Bana kopo kwa klempu ya chuma pamoja na waya wa mm² 1.5, uupeleke moja kwa moja kwenye bloku. Kwangua rangi, kaza, halafu paka grisi, maana hewa yetu ya bahari haichelewi kula kiungo.

Na hatari yake ni hii: sensa yako ni ya omu 10 (kipimo cha ukinzani wa umeme) kwenye sifuri, na huongezeka hadi karibu 180 kwenye bar 10. Kutu ya omu 10 kwenye arthi inaongeza nusu bar ya uongo. Injini ya moto, iko sailensa (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta), presha halisi nusu bar, wewe unasoma bar moja unaendelea na safari. Zile za Kimarekani za omu 240 hadi 33 huenda kinyume, kwa hiyo geji na sensa lazima ziwe za aina moja.

FundiWete
Kweli kabisa. Kuhusu swichi ya taa: weka ti (kiungo cha njia tatu) kwenye bloku, swichi ya zamani ibaki hapo hapo kwa kuwa ni nyepesi, hosi itoke upande wa pili kwa kiungo chenye tundu la mm 1. Hosi ikipasuka oili itatoka kidogo kidogo, utawahi kuzima. Kichwa cha WK kiache bila waya.

ChakeDizeli
Ahsanteni sana. Nikishafunga, napimaje kabla ya kutembea?

Mkoani_Umeme
Washa swichi ya ufunguo bila kupiga stata. Chomoa waya wa G: sindano ipande hadi mwisho. Uguse kwenye bodi: ishuke chini. Waya ukiwa bado nje, pima kwa mita kati ya G na hasi ya betri. Ukipata omu 15 badala ya 10, rudia arthi. Kisha piga stata, pitisha tochi kwenye kila kiungo, na urudie injini ikishapata moto, kwani oili nyepesi huvuja mahali ambapo ya baridi haikuvuja. Ukiwa barabarani geji ikaanguka sifuri na taa haiwaki, zima vilevile kwanza, kisha angalia hosi.