Viroba, tuta la kuzama au ndoo: kipi kinafaa kwa mboga za nyumbani kwenye mchanga?

Mpangaji_Kgb
Salaam wakuu. Nimepanga Kigamboni, uani nina nafasi ya mita 3 kwa 4 hivi. Ardhi ni mchanga mtupu, maji ya kisima yana chumvi, ukionja unaisikia. Nataka mchicha, sukuma wiki na spinachi za kula nyumbani. Tupo watu 6 na mboga ya majani haikosekani mezani hata siku moja. Mwaka jana nilisia mchicha palepale mchangani. Uliota vizuri, ulipofika majani manne ukadumaa, kingo za majani zikaungua kama zimepitishwa motoni. Sasa nalinganisha viroba vya kutoboa pembeni, tuta la kuzama, na ndoo. Waliojaribu naomba msaada kabla vuli haijaanza.

Mkulima_Kayole
Mimi niko Nairobi, na kwangu gunia limeshinda yote. Kule Kibera watu wamelisha familia kwa magunia miaka mingi, wala hawana shamba. Chukua gunia la kilo 90 na mkebe mkubwa uliotolewa kitako. Simamisha mkebe katikati, ujaze kokoto, pembeni jaza udongo na mbolea ya ng'ombe iliyooza. Ukifika usawa wa mkebe, uvute juu, jaza tena, mpaka upate nguzo ya kokoto toka chini hadi juu. Maji yanapita humo na kufika kwa miche ya chini. Bila hiyo nguzo, ya juu inalowa, ya chini inakauka. Sukuma naweka pembeni, juu naweka vitunguu vya majani. Nachuma majani ya chini, moyo nauacha, mche unanipa miezi.

MamaDom
Dada wa Kayole, Nairobi kuna baridi. Hapa Dodoma kiroba kinapigwa jua pande zote, asubuhi umemwagilia, saa nane ukigusa pembeni ni moto. Na kile cheupe cha nailoni jua linakila, ukikivuta kinachanika kama karatasi. Mimi nimehamia tuta la kuzama na sirudi nyuma. Chimba futi moja, udongo wa juu weka kando, chini laza vigogo vya migomba vilivyokatwakatwa au maboksi yaliyolowekwa. Rudisha udongo uliochanganywa na mboji, ila usijaze mpaka juu, acha kina cha vidole vinne chini ya usawa wa ardhi. Maji hayakimbii, na upepo haukaushi. Kisha tandaza nyasi kavu.

Tabata_Kijani
Tuta la kuzama Dar wakati wa masika ni bwawa, nimepoteza spinachi zote humo. Ndoo za lita 20 ndizo zinamfaa mpangaji, akihama anahama nazo. Kiroba kikishajaa udongo uliolowa, wanaume wawili wanahangaika kukisogeza.

BwanaShamba_Mstaafu
Vijana, mnabishana juu ya chombo na bado hatujajua ugonjwa. Mpangaji, ule mchicha ulioungua kingo uliuwekea mbolea gani?

Mpangaji_Kgb
Shikamoo mzee. Samadi ya kuku, viroba viwili. Niliichukua bandani kwa jirani wiki hiyohiyo, ikiwa na maranda yake.

BwanaShamba_Mstaafu
Marahaba. Basi nadhani umepata jibu. Samadi mbichi ya kuku ni kali, inaunguza mizizi, na yenyewe ina chumvi nyingi. Umeiongezea na chumvi ya kisima. Hata ungepanda kwenye viroba, ungeunguza vilevile. Kwa maji yako tumia samadi ya ng'ombe iliyooza au mboji. Hiyo ya kuku iweke kwenye rundo na majani makavu, ilowanishe, igeuze kila wiki, miezi miwili mpaka isiwe na joto wala harufu ya kuwasha pua. Hapo tumia kidogo tu.

Pili, chumvi huja na namna unavyomwagilia. Ukinyunyiza kidogo kila saa, maji yanapotea hewani na chumvi inabaki juu. Mwenye viroba atazame pembeni: akiona unga mweupe kwenye kitambaa, ndiyo hiyo. Mwagilia mara moja kwa kushiba, mpaka maji yatoke chini na kuiondoa. Kwa hiyo ndoo isiyo na matundu ya kutosha chini ni hatari kwako kuliko zote.

Tatu, kinga mvua. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1. Bati la mita 20 za mraba, mvua ya milimita 10, ni karibu lita 200, pipa zima. Maji hayo yape miche michanga, maana ndiyo inayoumia na chumvi kuliko mimea iliyokomaa. Spinachi inastahimili chumvi vizuri, hiyo ipe maji ya kisima. Maharage, karoti na vitunguu achana navyo hapo.

Nne, mchicha usiuweke kwenye matundu ya kiroba. Huo unang'olewa na mizizi baada ya wiki tatu au nne, kila ukivuta unabomoa udongo. Pembeni ya kiroba panataka mboga ya kuchuma.

Mkulima_Kayole
Hilo la mchicha ni kweli kabisa. Nilijaribu mara moja, matundu yakapanuka udongo ukamwagika wote.

Mpangaji_Kgb
Asanteni sana, nimepata mwanga. Nafanya viroba vitatu, viwili vya sukuma na kimoja cha spinachi, navyo vitakaa upande wa mashariki wa ukuta ili jua la alasiri lisivifikie. Mchicha nauwekea tuta moja la mita 1 kwa 3. Tabata, bwawa la masika nalikwepaje?

MamaDom
Ukiona mvua za Machi zimekaza, ongeza udongo na mboji mpaka tuta liinuke juu ya ardhi, chimba mfereji kando. Ni lilelile, unalibadilisha kwa msimu.

Tabata_Kijani
Nakubali, mimi sikuliinua. Na mchicha usiusie wote siku moja. Ligawe tuta vipande vinne, sia kimoja kila wiki. Cha mwisho kinapoota, cha kwanza kinaingia chunguni, ukishang'oa unaweka mboji na kusia tena.

Mpangaji_Kgb
Jumamosi naenda kutafuta samadi ya ng'ombe. Bati la jikoni nimelipima, lina mita 12 za mraba. Pipa ninalo tayari, bado mfereji wa kukinga maji.

BwanaShamba_Mstaafu
Pipa lifunike na neti, mbu wasizaliane humo. Mvua ya kwanza iache ioshe bati, ndipo uanze kukinga.