Tumebakiwa na laki nne za matangazo: tuzielekeze wapi kwa programu ya maduka?

mzigo_app
Wakuu, habari za wakati huu. Tuko watatu, Dar, na tuna programu ya simu ya maduka ya rejareja: inaandika mauzo, inahesabu mzigo uliobaki na kutunza madeni. Bei ni 10,000 kwa mwezi baada ya siku 30 za bure. Tangazo la Facebook limekula 210,000: waliopakua ni 300, waliojisajili 84, na wanaoandika mauzo hadi wiki ya nne ni 12. Tumebakiwa na 400,000. Mwenzangu mmoja anataka tuongeze tangazo huku tukishindanisha kurasa mbili za kujisajili. Wa pili anataka anayemleta mwenzake apewe 5,000. Mimi naona tutume ujumbe WhatsApp, maana tuna namba nyingi za wenye maduka. Tuanze na lipi, na tutajuaje kama limefanya kazi?

takwimu_kwanza
Ahsante kwa kuleta namba, mkuu, maana bila hizo tungekuwa tunabahatisha. Zigawe: aliyepakua amewagharimu 700, aliyejisajili 2,500, duka lililobaki 17,500. Hiyo ya mwisho ndiyo ya kuishika. Kwa bei yenu, duka likilipa miezi miwili tangazo limerudisha pesa yake. Ila hao 12 bado wako ndani ya siku za bure. Wakilipa wanne tu, kila mteja anayelipa amewagharimu 52,500, na hapo hesabu inabadilika kabisa. Subirini mwezi huo uishe kabla ya kuongeza hata shilingi kwenye tangazo.

Kushindanisha kurasa mbili ni mapema mno. Sasa hivi wanaojisajili ni 28% ya waliopakua. Ili uone kwa uhakika unaokubalika kwamba ukurasa mpya umepandisha hadi 34%, unahitaji watu kama 930 kwa kila ukurasa. Hao ni 1,860, na kwa 700 kila mmoja ni milioni 1.3. Laki nne zenu zitaleta watu kama 570, yaani 285 kila upande. Hapo mtaweza kuona tofauti ya kuanzia 28% hadi 39% hivi, na kubadilisha maneno ya kitufe hakuleti mruko wa namna hiyo. Mkiona ukurasa una kasoro, urekebisheni tu. Si kila badiliko linahitaji mtihani.

Kazi kubwa iko kwa wale 72 waliojisajili wakaacha. Wapigieni wote, asubuhi baada ya saa nne au mchana baada ya chakula, jioni duka linajaa. Msiwaulize kama programu ni nzuri. Mtajibiwa kwa adabu kwamba ni nzuri. Waulizeni: "Mara ya mwisho ulipoifungua ulikuwa unataka kufanya nini, ukaishia wapi?" Andikeni maneno yao kama walivyoyasema. Kwa programu za aina hii kuna vizuizi viwili vya kuangalia kwanza. Cha kwanza ni kumlazimisha mtu aingize bidhaa zote ndipo aanze kuuza. Duka la kawaida lina mamia ya bidhaa, na hakuna anayemaliza hiyo kazi huku wateja wamesimama dirishani. Cha pili, aliyepakua ni mwenye duka, lakini anayeuza ni kijana wake mwenye simu nyingine.

Ningejaribu kuanza na madeni. Skrini ya kwanza iwe "Andika deni": jina na kiasi, basi. Hiyo inachukua sekunde chache na faida yake inaonekana siku ileile. Bidhaa ziongezwe zinapouzwa, moja moja. Kisha linganisheni waliojisajili wiki hii na wa wiki zilizopita kwa kipimo kimoja: duka limeandika chochote kwa siku 5 kati ya 7 za kwanza? Angalieni pia kama wale 12 walikuwa hivyo wiki yao ya kwanza. Kama walikuwa, mna dalili mnayoweza kuifuata bila kusubiri mwezi mzima.

bi_masoko
Nakubaliana na mkuu hapo juu. Mimi niongelee WhatsApp. Hizo namba mlipewa na wenyewe? Kama hapana, ziacheni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika, na mtu ana haki ya kukataa taarifa zake zitumike kumtangazia. Hata kiutendaji haifai: orodha ya kutuma kwa wengi ina mwisho wa watu 256, na ujumbe unawafikia tu walioihifadhi namba yenu. Wakiwaripoti wengi, namba ya biashara inafungiwa na mazungumzo ya wateja wenu halisi yanakwama humo.

Geuzeni mwelekeo, wao ndio waanze. Bandikeni karatasi kwenye maduka ya jumla wanakochukulia mzigo, yenye kiungo cha wa.me/255 na namba yenu (bila alama ya kujumlisha, bila sifuri ya mwanzo), na mwishoni ?text= ikifuatiwa na neno la duka hilo. Kila duka la jumla lipewe neno lake. Mtu akikifungua kwenye simu, ujumbe wa kwanza unakuja na neno hilo, nanyi mnajua katokea wapi. Kiungo cha Play Store nacho kinabeba chanzo kwenye sehemu ya referrer, lakini watu wengi wanarushiana programu simu kwa simu ili kuokoa bando, na hapo chanzo kinapotea. Kwa hiyo kwenye kujisajili wekeni swali moja la "Umetusikia wapi?" lenye majibu manne ya kuchagua.

fedha_na_hesabu
5,000 taslimu kwa kila anayeletwa: msifanye. Mtu mwenye laini mbili atajisajili mwenyewe. Zawadi itoke pale duka lililoletwa linapolipa mwezi wa kwanza, na iwe mwezi wa bure kwa wote wawili. Dropbox, huduma ya kuhifadhi mafaili mtandaoni, walitoa zawadi ya nafasi ya kuhifadhia, pande zote mbili zikapata, na wakatoka watumiaji 100,000 Septemba 2008 hadi milioni 4 Januari 2010. Kabla ya hapo matangazo ya kwenye utafutaji yaliwagharimu dola 233 hadi 388 kwa mteja wa bidhaa ya dola 99. Lakini watu wao walikuwa wanabaki. Ninyi mna maduka 12. Yote yakileta moja moja ni 24, na jirani wa duka ni mshindani, hana haraka ya kumwambia mwenzake. Mwaliko unapita vizuri zaidi kwa ndugu au kwa muuzaji wa jumla.

mzigo_app
Nimewaelewa, namba tumeziacha. Tukimtuma kijana apite maduka kwa miguu, apite mangapi ndipo tuseme njia hii imeshindwa?

takwimu_kwanza
Chukua 3, gawa kwa idadi ya maduka aliyoyapitia. Akipita 30 asipate hata moja, kiwango cha kweli cha maduka yanayokubali bado kinaweza kuwa hadi 10%. Akipita 60 bila kitu, hakizidi 5%, na hapo unaweza kuacha kwa amani.

Andikeni kikomo kabla hajatoka. Mfano: malipo na nauli 30,000 kwa siku, akisajili maduka 6 na 3 yakabaki wiki ya nne, kila moja ni 10,000, mmeishinda Facebook. Likibaki moja tu, ni 30,000, acheni. Msimlipe kwa idadi ya waliojisajili, atawaletea majina. Sehemu ya malipo isubiri siku ya 14, duka likiwa bado linaandika. Akae mtaa mmoja na aina moja ya duka, na maneno yake yasibadilike katikati. Kwenye jedwali wekeni tarehe, mtaa, aliyeongea naye ni mwenye duka au muuzaji, kisha safu za wiki ya 1, 2 na 4. Mkibadilisha bei au skrini ya kwanza, anzeni kundi jipya kwa jina lake, msilichanganye na la zamani.