Ufunuo 3:1: kanisa linakuwaje na jina la kuwa hai nalo limekufa? Naomba ushauri

Mtunza_Taa
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Naongoza kipindi cha Biblia cha vijana usharikani kwetu kila Alhamisi jioni. Ugomvi wa hesabu za ujenzi umetugawa. Tuliobaki hatujazi mabenchi manne. Wiki iliyopita tulisoma barua ya Sardi, mojawapo ya makanisa saba yaliyoandikiwa barua katika Ufunuo: "una jina la kuwa hai, nawe umekufa." Binti wa kidato cha tatu akafunga Biblia yake akauliza, "Sasa mwalimu, sisi tupo, au tuna jina tu?" Nikakosa jibu, nikaanzisha wimbo wa kufungia. Keshokutwa nimwambie nini?

Mzee_wa_Zamu
Pole, mtumishi. Usianzie Sardi, anzia 1:4: "aliyeko na aliyekuwako na atakayekuja." Sikio lingengoja "atakayekuwako", lakini Yohana anasema atakayekuja. Kuwako kwa Mungu ni kuwajia watu. Halafu soma 17:8: yule mnyama, adui wa Mungu, "alikuwako, naye hayuko". Anaiga jina lile lile la Mungu, ila penye "yuko" pana shimo. Sardi nayo ilikuwa inaishi kwa "ilikuwako".

Mama_Upendo
Mwanangu, mimi nimekulia kwenye taa ya chemni. Mama alikuwa akiitoa chemni asubuhi, anapangusa masizi kwa gazeti, anaongeza mafuta ya taa. Taa iliyozimika haikutupwa. Vinara ndiyo makanisa (1:20), na Bwana anatembea katikati yake (2:1). Maiti haiandikiwi barua! Sardi wameandikiwa, tena wakaambiwa "ukayaimarishe mambo yaliyosalia".

Msomaji_Bara
Mama amesema vema, ila binti asipewe faraja ya haraka. Efeso waliambiwa kinara kitaondolewa mahali pake wasipotubu (2:5). Leo Efeso ni magofu ya kutembelewa na watalii huko Uturuki, wakati Smirna, kanisa lisilokemewa katika barua yake, ni Izmir, jiji kubwa. Kanisa halina uhai wake lenyewe, limepewa. Kwa hiyo ule ugomvi wa hesabu usiuruke, mtumishi, vijana wanaujua. Kisha mshuke hadi 3:4: "unayo majina machache katika Sardi." Mstari wa kwanza jina moja tupu, wa nne majina ya watu.

Mtunza_Taa
Mama, hilo la barua nimeliandika kwenye daftari. Msomaji, umenichoma, lakini ni kweli, nitaanza na ugomvi. Mzee, naomba unifafanulie tena 17:8, maana yule binti atauliza tu.