Shule maalum: binti yangu atajifunza kujitegemea, au ni kupitisha siku tu?

Mama Shiro, Kayole
Hamjambo wazazi. Binti yangu ana miaka 15 na ana ulemavu wa kiakili. Yuko shule ya kawaida, dawati la nyuma, kazi yake kunakili ubaoni asichokielewa. Kituo cha EARC, kinachopima watoto wenye mahitaji maalum, kimependekeza shule maalum. Shemeji anasema huko ni kutunga shanga tu. Mimi nataka aweze kutoka nyumbani na kurudi bila mimi. Kuna ambaye wake amepitia huko?

Baba Dani, Umoja
Wangu amepitia. Shanga zipo, simbishii shemeji. Lakini nenda uone somo la pesa. Mwalimu hakuanza na hesabu, alianza na wanyama walio kwenye noti: chui ni mia, kifaru mia mbili, simba mia tano, ndovu elfu. Kutoa hamsini kwenye mia Dani hajui mpaka leo, lakini noti hazimchanganyi.

Shida ikawa matatu. Nauli ya mji huu mnaijua, mvua ikianza tu inapanda. Kwa hiyo alifundishwa jambo moja: mpe konda chui, taja steji yako, usishuke bila chenji. Walifanyia mazoezi darasani kwa viti, mwalimu akiwa konda, tena konda wa kelele. Kisha barabarani: mwalimu kando yake, baadaye kiti cha nyuma, mwishowe kwenye gari linalofuata. Sasa anaenda kwa shangazi yake Donholm peke yake. Nauli ikipita mia, hapandi, anangoja. Hata mimi hungoja.

Ila mchungeni nyanya! Wetu akija anamkatia sukuma, anamchanganyia maji ya kuoga, anamfunga kamba za viatu. Akiondoka, tunaanza upya.

Mwalimu wa Kasarani
Mama Shiro, kwa mtaala wa umilisi (CBC, siku hizi CBE) hatua za watoto hawa hazifuati umri, kwa hiyo miaka 15 isikutishe. Ukitembelea shule, angalia jikoni na uulize kama wanafunzi hupika. Omba pia kuona mpango wa mtoto mmoja mmoja. Lengo liwe "atapika uji bila kusaidiwa". Wakikuandikia "ataimarika", hapo hujaambiwa kitu.

Mama Njeri, Githurai
Mimi nilimtoa wangu shule maalum ya bweni. Kutandika kitanda alijua kunishinda, lakini mtaani hakuwa na rafiki hata mmoja. Sasa yuko kitengo maalum ndani ya shule ya msingi ya hapa, na mama mboga anamwita kwa jina. Kama kuna ya kutwa karibu, anza na hiyo.

Mama Shiro, Kayole
Asanteni sana. Baba Dani, anabeba simu? Na konda akikataa na chenji?

Baba Dani, Umoja
Anabeba kabambe, namba yangu iko kwenye kitufe cha 2. Ya chenji ilishatokea. Dani aligoma kushuka, gari likasimama pale Donholm, abiria wakamfokea konda mpaka akaitoa.