Betri imekata chaji kwenye baridi: nibusti au ninunue mpya, na ipi?

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za asubuhi.

Niko Brooklyn Park, Minnesota. Gari ni Corolla ya 2014, limelala nje tangu juzi, na leo baridi ni nyuzi 20 chini ya sifuri za Selsiasi. Nikizungusha ufunguo linalia tik-tik-tik na taa za dashibodi zinafifia. Betri ni ileile niliyoikuta nilipolinunua. Nibusti tu niende kazini, au ninunue mpya leo? Na kama ni kununua, ipi?

—

Marahaba mdogo wangu. Usitoe hela kabla hujapima.

Tik-tik za harakaharaka pamoja na taa kufifia maana yake umeme haufiki wa kutosha kwenye stata, ile mota inayozungusha injini iwake. Ungesikia "ko!" moja tu huku taa zikiwaka vizuri, ningeanza kuishuku stata yenyewe. Lakini kabla ya yote fungua boneti uangalie teminali. Ukiona ungaunga mweupe au wa kijani, au ukishika kichwa cha waya kinacheza, tatizo linaweza kuwa hapo na si ndani ya betri.

Kisha tazama mwili wa betri. Ikiwa umevimba ubavuni au umepasuka, huenda imeganda. Betri iliyojaa haigandi hata kwa baridi ya huko kwenu, ila iliyoisha chaji inaweza kuganda kwenye nyuzi 7 tu chini ya sifuri, maana tindikali yake imebaki karibu maji matupu. Betri iliyoganda haibustiwi wala haichajiwi, inaweza kulipuka. Ing'oe.

Kama ni nzima, busti hivi. Magari yasigusane, na vitu vyote vya umeme vizimwe kwenye lako. Klipu nyekundu kwenye chanya (+) ya betri iliyokufa, nyekundu ya pili kwenye chanya ya betri nzima. Nyeusi kwenye hasi (−) ya betri nzima. Nyeusi ya mwisho usiiweke kwenye betri yako. Ishike kwenye chuma kitupu cha injini, mbali na betri. Klipu ya mwisho ndiyo hutoa cheche, na betri inayochajiwa hutoa haidrojeni. Washa gari la msaada, liache lingurume dakika tano hadi kumi, halafu jaribu lako. Usishike stata zaidi ya sekunde kumi. Ikigoma, pumzisha dakika moja au mbili. Likiwaka, toa klipu kwa kurudi nyuma: ya mwisho kuwekwa inatoka kwanza.

Nyaya zenyewe ndizo huwaangusha wengi. Namba ndogo ndiyo waya mnene: namba 4 au 2 inafaa, lakini zile nyembamba za namba 10 hupata moto na gari haliwaki. Mtu anaishia kulaumu betri.

Likishawaka, weka multimita (kipimo cha umeme) kwenye betri injini ikiwa inanguruma. Ukisoma kati ya volti 13.8 na 14.7, altaneta, yaani jenereta ya gari, inachaji. Ukisoma 12 na ushee na inazidi kushuka, basi shida ni altaneta au mkanda wake, na betri mpya itakufa vilevile.

Kuendesha dakika ishirini hadi kazini hakujazi betri, hasa umewasha hita, kiti cha moto na waya za kioo cha nyuma. Tumia chaja ya ampea 5 hadi 10 usiku kucha, mahali penye hewa. Iache ipumzike saa kadhaa, kisha pima: 12.6 na kuendelea imejaa, 12.4 kama robo tatu, 12.2 nusu, 12.0 robo. Ikijazwa halafu ikalala kwenye 10.5 hivi, chemba moja kati ya sita imekufa, hapo hakuna dawa. Ikionyesha 12.6 nayo usiiamini moja kwa moja: mtu akupigie stata huku unatazama mita. Ikiporomoka chini ya 9.6 na hakuna baridi kali, betri imechoka. Maduka ya vipuri ya AutoZone, O'Reilly na Advance hupima bure, ipeleke ikiwa imeshajazwa.

—

Kaka amemaliza upande wa kupima, mimi niingie dukani.

Kwanza saizi. Marekani betri hupangwa kwa namba za kundi: 35, 24F, 51R, 48 na kadhalika. Namba inabeba urefu, upana, kimo na upande ilipo chanya. Corolla za miaka hiyo kwa kawaida huingia 35. Civic nyingi ni 51R. Soma kitabu cha gari au namba iliyo juu ya betri ya zamani. Usikubali "hii nayo inaingia": chanya ikikaa upande usio wake, waya haufiki au unavutwa hadi ugusane na chuma.

Pili CCA. Hizo ni ampea ambazo betri mpya inaweza kutoa kwa sekunde 30 kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri bila kushuka chini ya volti 7.2. Angalia herufi vizuri, kwa sababu wengine huandika CA kwa maandishi makubwa, na hiyo imepimwa kwenye nyuzi sifuri, kwa hiyo namba hutoka kubwa zaidi kwa betri ileile. Kwa kundi 35 utakutana na CCA za 550 hadi 650. Kwa Minnesota chukua ya juu. Haiunguzi kitu, stata huvuta inachohitaji tu. Walio Houston au Phoenix hawana haja ya kulipia CCA kubwa. Huko joto ndilo linaloua betri, wao watazame zaidi dhamana.

Tatu tarehe, ambayo wengi huipita. Betri inapokaa kwenye rafu hupoteza chaji na kuanza kuharibika. Nyingi zina stika ya mwezi na mwaka, au herufi na tarakimu: A ni Januari, B Februari, tarakimu ni mwaka. Chukua isiyozidi miezi mitatu, na muombe muuzaji aivute ya nyuma kama ya mbele ni kuukuu.

Dhamana: uliza miezi ya *kubadilishiwa bure* ni mingapi. Ile miaka mingine inayotajwa mara nyingi ni ya kupunguziwa bei tu. Na rudisha betri ya zamani, kwa sababu wameshakutoza amana yake.

Gari linalojizima lenyewe kwenye taa za barabarani lilikuja na AGM au EFB, betri zilizoimarishwa kwa kuwashwa mara nyingi. Usilirudishe kwenye betri ya kawaida, haitadumu. BMW na baadhi ya magari mengine hutaka kompyuta iambiwe kwamba betri ni mpya.

Kufunga: toa hasi kwanza, kisha chanya. Wakati wa kurudisha, chanya kwanza. Nati za teminali kwenye Toyota ni spana namba 10. Safisha vichwa kwa brashi ya waya na kijiko cha baking soda kwenye kikombe cha maji. Kaza kiasi, risasi ni laini. Na usiache kufunga kile chuma cha kuishikilia. Mtikisiko hubomoa sahani za ndani.

—

Nyongeza fupi. Siku mbili ni chache mno kwa betri nzima kuisha. Gari lililozimwa lisivute zaidi ya miliampea 50, yaani ampea-saa (Ah) 1.2 kwa siku. Kama betri mpya nayo italala, chomoa kamera ya kioo na kile kidude cha bima kilichochomekwa chini ya usukani, kisha weka ammita kati ya hasi na waya wake, subiri nusu saa kompyuta zilale, ndipo usome.

—

Kwa madereva wa Prius humu: betri ya volti 12 ya zile za kizazi cha pili na cha tatu iko nyuma, upande wa kulia wa buti. Ikifa, gari haliandiki READY (tayari) kwenye dashibodi na taa hufanya vituko. Busti kupitia teminali yenye kifuniko chekundu ndani ya boksi la fyuzi chini ya boneti. Umeme mdogo unatosha, unaamsha kompyuta tu. Lakini msitumie Prius kubusti gari la mwenzenu. Na ukibadilisha, rudisha mpira wa kutolea gesi, maana betri hiyo iko ndani pamoja nanyi.