MREJESHO: Nimepata pa kuanzia utafiti wa fizikia nikiwa hapa hapa Mbeya

Wakuu habari za jioni, mwezi uliopita niliuliza mwanafunzi wa mwaka wa pili anaanzaje utafiti wa fizikia ya nonlinia (pale matokeo hayaongezeki sawia na kisababishi) na osileshoni za parametriki (mtikisiko unaokuzwa kwa kubadilisha kitu cha mfumo wenyewe, mfano urefu wa uzi, bila kuusukuma) wakati vifaa vya maabara hamna, mkaniambia nisisubiri vifaa, nianze na uzi. Nimeanza jamani!

Niliomba nati nzito gereji moja Mwanjelwa, nikaifunga uzi wa mita 1, uzi nikaupitisha kwenye tundu la ubao. Kwenda na kurudi ni kama sekunde 2. Sasa nati ikipita chini katikati unavuta uzi juu kidogo, ikifika mwisho unaulegeza, yaani mara mbili kwa kila mzunguko, na bembea inazidi kukua bila kuisukuma kabisa, mdogo wangu akapiga kelele! Ukivuta kidogo sana haikui, msuguano unakula nguvu yote. Ikishapanda sana inaanza kuchelewa, inapishana na mkono, hapo ndo unonlinia wenyewe unapoonekana na ndo napapenda zaidi. Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday aliona kitu cha hivi kwenye mawimbi ya maji mwaka 1831.

Grafu nimempelekea mwalimu, amekubali kunisimamia projekti ya mwaka wa tatu. Kaka uliyenitajia ICTP (kituo cha kimataifa cha fizikia) ya Trieste, Italia, asante sana, nimeona ile diploma yao ya mwaka mmoja ni ya waliomaliza digrii na inafadhiliwa, kwa hiyo data zangu nazitunza vizuri kuanzia sasa. Kesho najaribu mawimbi ya Faraday, natikisa sahani ya maji kwa spika.